Mikono ya Miezi Minane

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Bwana asifiwe na ninyi wa kule nyuma karibu na mlango, maana leo nataka mnisikie vizuri kabisa!

Mnanijua. Mimi ndiye, mimi njo Mama Riziki, muuza samaki pale sokoni, vidagaa vya ndakala na mikebuka mikavu, mliyenizoea kwenye Kamati ya Wamama. Wengi wenu mlinisikia nikishuhudia mahali hapa hapa, Jumapili ile mikono yangu ilipopanda juu. Mlipiga vigelegele. Kuna mama aliyefungua kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, akanitandikia chini nikanyage. Ndugu zangu, leo nimerudi kuutengeneza ushuhuda ule. Kupona, nimepona kweli. Lakini namna nilivyowaambia nimepona, nilidanganya. Na uongo wangu umemuumiza mtu aliyekaa benchi la tatu, ananitazama sasa hivi. Nawaomba msipige makofi mpaka nimalize. Pengine mkishasikia hamtataka kupiga.

Nianze na maisha yangu ya kubeba. Mama yangu alinitwika basini la kwanza kule Mpala nikiwa msichana mdogo, basini la maji. Nikalifikisha bila kumwaga, akanisifu, na tangu siku hiyo kichwa changu njo kilikuwa fahari yangu. Nilipoolewa hapa Kalemie nikaingia kazi ya ndakala. Kazi hiyo inataka mambo mawili tu katika mwili: kuinama na kubeba. Asubuhi unainama kwenye mchanga, miguu imenyooka, kiuno kimekatika katikati, unatandaza ndakala kwa mkono ili jua lizipate zote. Jua likipanda unainama tena, unazigeuza. Kisha unakusanya, unajaza basini, unajitwika, unapanda kilima. Miaka ishirini na saba! Kwenda nyuma, yaani kujipinda kwa nyuma, mwili wangu haukwenda hata siku moja. Nani anaenda nyuma? Hakuna kazi huko.

Maumivu yalianza kwenye bega la kushoto. Nikasema ni uchovu. Yakahamia mgongoni, katikati ya mabega, yakakaa. Baadaye bega la kuume nalo likafuata. Mkono wa kushoto ukawa unaishia hapa, usawa wa kifua, hata ufanyeje hauvuki. Pumzi nayo ikawa fupi. Nikipanda kilima nasimama mara nne, najifanya naangalia barabara, kumbe natafuta hewa.

Kuvaa ilikuwa vita. Nguo zote zenye kufungwa nyuma nilizigawa. Nywele zangu alizisuka binti yangu Riziki nikiwa nimelala kifudifudi, maana kukaa muda mrefu sikuweza. Hapa kanisani, mlipoambiwa mwinue mikono, mimi niliinua vidole. Vidole tu, ndugu zangu, hapa kwenye tumbo.

Lakini lililoniua moyo ni hili: sikuweza tena kujitwika. Nanyi mnajua, muuza samaki asiyeweza kujitwika amekuwa mtu wa kuombaomba. Mama, nitwike. Papa, nitwike. Watu wanakutwika leo, wanakutwika kesho, siku ya tatu wanageuza macho. Mtu aliyenitwika bila kuchoka alikuwa mmoja, jirani yangu wa mezani pale sokoni, Mama Feza. Mwaka mmoja na nusu! Kila asubuhi alikuja mwenyewe, hata sijamwita. Anainua basini langu, ananiwekea kichwani, anasema, “Haya, tembea, mama wa kichwa ngumu,” tunacheka. Mkono wake wakati ule ulikuwa mzima. Mlikumbuke jina hilo, Mama Feza. Nitarudi kwake.

Niliomba. Msifikiri sikuomba. Pasta alinipaka mafuta mara mbili. Mume wangu, Papa Riziki, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema tu, “Uombe, na uende hospitali. Miguu yako iko mizima.” Nikaenda. Daktari akanipiga radio, ile picha ya mifupa, akaitazama kwenye mwanga, akasema hakuna mfupa uliovunjika, ila mabega na mgongo vimekauka kwa kazi. Akaniandikia karatasi ya kwenda kwa kine, yaani mtu wa kunyoosha viungo.

Kine huyo ni Mama Zuhura. Ni mwanamke wa familia ya Kiislamu, wa zile familia za zamani hapa ziwani, mfupi, mkono wake kama koleo. Alisomea kazi yake upande wa Tanzania. Pale hospitali ana mashine ya joto, lakini siku niliyofika umeme ulikuwa umekatika, na kesho yake vilevile. Akaniambia, “Mama, tukingojea umeme, tutazeeka sisi wawili. Kuja kwangu asubuhi, kiwanjani, ulete kikwembe kimoja cha zamani.”

Nikaenda. Akanilaza chali kwenye mkeka, akakunja kikwembe changu kama chapati, akakiweka chini ya mgongo, hapa kwenye mabega. “Kaa hapo. Vuta pumzi mpaka tano, toa mpaka tano.” Ndugu zangu, nililia! Kifua kilikuwa kinavutwa kama mlango uliokaa mvua mbili bila kufunguliwa. Akaniambia, “Unaona? Mwili yako inajua njia ya mbele na njia ya juu. Ya nyuma haiijui. Tutaifundisha.” Nikauliza tutafika wapi. Akalala chini mwenyewe, akaweka viganja karibu na masikio, nyayo chini, akajisukuma. Akasimama mikono na miguu chini, tumbo linaangalia mbinguni, amepindana kama upinde. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu! Akashuka taratibu, hata pumzi haikumkata. Nikamuuliza mambo hayo yanaitwaje.

“Ni yoga,” akasema.

Yesu wangu! Nilivaa ndala zangu nikaondoka. Sikuaga.

Sababu yake ni hii. Miezi michache kabla, kwenye mkutano wa wamama, dada mmoja aliuliza habari za yoga, mazoezi ya kutoka India, aliyoyaona kwenye simu. Mtu aliyesimama kumjibu alikuwa mimi. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba kufanya yoga ni kusujudia miungu ya watu wengine, na mwanamke wa kanisa akifanya atengwe. Mlisema amina. Nilikuwa naijua yoga? Hata kidogo. Nilipenda kusikiwa, basi.

Nikakaa nyumbani wiki tatu. Wiki ya tatu Mama Feza alisafiri Moba kwa msiba, hakukuwa na wa kunitwika, nikajaribu mwenyewe. Basini lilifika kifuani, mkono wa kushoto ukakataa, likaniangukia mguuni, ndakala zikamwagika zote kwenye tope. Nilipiga magoti kuziokota moja moja mbele ya watu. Nikiwa pale chini nikasema, Bwana, mimi nimechoka na maneno yangu mwenyewe. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa Mama Zuhura.

Hakunicheka. Nilimweleza hofu yangu. Akaniambia, “Mama Riziki, mimi ninasali mara tano kwa siku. Unafikiri nitasujudia mungu ya muntu mwingine sababu ya bega yako? Kama unataka kumwita Yesu wakati unavuta pumzi, mwite. Mimi kazi yangu ni mugongo.” Basi tukaanza. Yeye akihesabu kwa Kifaransa, mimi moyoni nikisema, Yesu, Yesu.

Sasa nawaeleza kazi yenyewe jinsi ilivyokuwa, maana mara ya kwanza niliificha. Mwezi wa kwanza ni kulala kwenye kile kikwembe kilichokunjwa, kila asubuhi, na kupandisha mikono ukutani kidole kwa kidole kama mjusi. Kisha nikafundishwa daraja: unalala chali, unakunja magoti, unakanyaga chini kwa nguvu, unainua kiuno. Mama Zuhura alinigonga mapajani akisema hapa njo nguvu inatoka, mapaja na makalio yakifanya kazi, mgongo unapumzika. Nilishangaa. Miaka yote nilidhani mgongo unajibeba wenyewe. Mwezi wa tatu pumzi yangu ilianza kurudi. Nikapanda kilima nikasimama mara mbili tu. Mwezi wa tano mkono wa kushoto ulivuka bega. Nilimwonyesha Papa Riziki mezani, akaacha kijiko akautazama, akasema, “Endelea.” Alijua ninakokwenda. Niliwaficha ninyi.

Mwezi wa sita tukaingia upinde wenyewe. Na hapo, ndugu zangu, nilifanya kosa la mtu aliyezaliwa chini ya basini.

Upinde una kituo katikati. Ukijisukuma mara ya kwanza, unafika mahali utosi wa kichwa unagusa mkeka, na mikono iko tayari kando ya masikio. Hapo unatakiwa usukume kwa mikono na miguu mpaka kichwa kiondoke chini. Mimi nilipofika kwenye utosi nikasikia niko nyumbani! Nikajiambia, kichwa? Kichwa hiki kimebeba mikebuka ya mitumbwi mizima! Nikaacha mikono ilegee, nikasukuma na kichwa. Nikakaza shingo kama ninavyokaza chini ya mzigo, nikasimama juu ya utosi wangu nikiwa na raha. Mama Zuhura alikuwa amegeuka kumfukuza mbuzi. Shingo ikalia kaa! Nikaanguka upande.

Wiki nzima nilitembea kama mtu anayebeba maji yasiyoonekana, siwezi kugeuka. Nikamlaumu kila mtu. Nikasema njo hayo, mashetani ya yoga yamenishika shingo. Mama Zuhura alikuja mwenyewe nyumbani na dawa ya kuchua. Ananichua, huku ananigombeza.

“Nani alikuambia usukume na kichwa?”

“Kichwa yangu njo iko na nguvu, Mama Zuhura. Mikono haina.”

“Basi njo sababu mikono yako ilikufa! Kila kazi unaipa kichwa. Sikia. Kwenye mukeka yangu, kichwa ni mugeni. Mugeni anakaa, anaangalia, hafanyi kazi. Kazi ni ya mikono.”

Neno hilo lilinikaa. Nilirudi nyuma mwezi mzima, mikono tu. Kusukuma ukuta, kusukuma ngazi ya mlango, kusukuma mkeka. Nilikuwa nasema kwa sauti, kaa, mgeni, kaa, na binti yangu akauliza naongea na nani.

Mwezi wa nane, asubuhi, kiwanjani kwa Mama Zuhura, nilikanyaga chini, nikasukuma, utosi ukagusa mkeka, nikasukuma tena kwa mikono, na kichwa kikaondoka. Kikaning'inia! Chepesi! Mara ya kwanza tangu Mpala kichwa changu hakikuwa na kazi yoyote. Niliona kuku wa Mama Zuhura wanatembea juu chini. Kifua kilifunguka mpaka nikasikia mbavu zinaachana, na hewa ikaingia mahali ambapo haijaingia miaka. Nilikaa pumzi tatu. Nikashuka, nikalia kama mtoto mchanga, na Mama Zuhura akalia pia, halafu akasema tumechelewa kazini.

Asubuhi ileile nilifika ufukweni, nikashika basini langu, nikakunja magoti, nikalipandisha kwenye paja, kwenye kifua, juu. Nikajitwika mwenyewe! Mama Feza alikuwa anakuja kunisaidia kama kawaida. Alisimama akashika mdomo. Akacheza pale pale mchangani. Akaniuliza, “Ilikuwaje?” Na mimi nikamjibu, “Mungu tu.” Njo uongo ulipoanzia. Lilikuwa neno la kweli, lakini nililitumia kufunika.

Jumapili yake, katika kusifu, mikono yangu yote miwili ilipanda. Ninyi mliona. Wamama walio kando yangu walipiga kelele, kinanda kikanyamaza, Pasta akaniita mbele. “Mama Riziki, sema Bwana amefanya nini!” Nilikuwa na hatua kama kumi na mbili za kutembea kutoka benchi mpaka hapa. Nikafikiri haraka. Nikisema yoga, nitatengwa kwa maneno ya kinywa changu mwenyewe. Nikisema nilikuwa kiwanjani kwa Mwislamu, watasema nini? Na kuna sababu nyingine, mbaya kuliko hizo, naitubu leo. Nilitaka jambo kubwa. Miezi minane ya kulala juu ya kikwembe kilichokunjwa, nani atapigia hiyo vigelegele? Basi nikasema nilifunga siku tatu, na siku ya tatu nikasikia moto umeshuka mabegani. Mkaruka! Mkalia! Kikwembe kikatandikwa. Na mimi nikakanyaga.

Mama Zuhura alipopata habari hakusema kitu kirefu. Aliniuliza tu, “Siku tatu?”

Sasa ninarudi kwa Mama Feza. Ndugu zangu, mwanamke aliyeinua mabasini mawili kila asubuhi, langu na lake, mwaka na nusu, mlifikiri bega lake litabaki salama? Siku niliposhuhudia uongo, bega lake la kuume lilikuwa limeanza kuuma, na mkobani mwake mlikuwa na karatasi ya daktari ya kwenda kwa Mama Zuhura. Alikuwa aende Jumatatu. Lakini Jumapili alinisikia. Akaenda nyumbani, akaiweka karatasi chini ya godoro, akafunga siku tatu.

Siku ya tatu hakusikia moto. Akafunga tatu nyingine. Baadaye akafunga saba. Mkono ukazidi kukauka mpaka ukashikamana na mbavu. Watu wakaanza kunong'ona, na baadhi yenu mko humu, kwamba Mama Riziki amepona kwa siku tatu, huyu mwenzake anaficha nini? Naye akaja kwangu. Akakaa juu ya gunia, akaniuliza, “Mama Riziki, nimefanya dhambi gani? Wewe ulipona. Niambie mimi Mungu ananikatalia nini.” Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia, “Endelea kuomba.” Nikaenda zangu. Ndugu zangu, maumivu yote ya bega hayakufika hata nusu ya aibu ya neno lile.

Wiki tatu zilizopita, sokoni, upepo wa ziwa ulivuta kitambaa cha kichwa cha Mama Feza kikaanguka. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu kukifunga. Kwa mkono mmoja huwezi. Alijaribu kwa meno. Akajaribu kukibana na ukuta. Nilisimama nikamfungia. Alipoinama ili nimfungie, niliona machozi yanaangukia ndakala. Akasema polepole, “Aksanti, Mama. Wewe ulipendwa.”

Hapo nilishindwa. Nikamwambia yote. Kikwembe, mkeka, Mama Zuhura, miezi minane, jina lenyewe yoga, kila kitu. Nikamwambia hakuna moto, hakuna siku tatu, na hana dhambi yoyote anayoificha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunika samaki wake, akaenda nyumbani ikiwa bado asubuhi.

Siku nne hakunisalimia. Kila asubuhi nilikuja kumtwika basini lake, akainama nikamtwika, akaondoka bila neno. Siku ya tano akageuka na basini kichwani, akasema, “Uongo uliusema mbele ya kanisa zima. Ukweli unakuja kuniambia mimi peke yangu kando ya samaki? Wale wanaosema ninaficha dhambi, nani atawaambia?”

Alisema haki. Nikaenda kwa Pasta siku ileile. Nilimweleza yote. Kisha akauliza, “Katika mazoezi hayo, unataja jina la mungu gani?” Nikamwambia, “Pasta, tunahesabu mpaka tano. Kwa Kifaransa.” Nikaona anataka kucheka, akajizuia. Akasema mgongo wangu haumsumbui, kinachomsumbua ni mdomo wangu. Ameniondoa kwenye Kamati ya Wamama kwa miezi mitatu. Nimekubali. Njo nimesimama hapa.

Basi, ndugu zangu, ushuhuda wangu wa kweli ni huu. Mungu ameniponya. Aliniponya kwa miezi minane, kwa mkeka, kwa mikono ya Mwislamu mwenye hasira kidogo na moyo mkubwa. Napanda kilima bila kusimama. Nasuka nywele zangu mwenyewe. Nalala usiku wote bila kugeuka geuka kwa maumivu. Mgongo umenyooka mpaka Papa Riziki anasema nimerefuka. Na nilipoanguka katika uongo, Mungu hakuniacha humo. Amenitoa leo mbele yenu. Kufunga si kosa. Nitafunga tena. Ila nilimpa Bwana sifa ya kazi ambayo hakuifanya, nikaificha ile aliyoifanya. Naomba msamaha kwake, na kwenu, na kwa dada yule niliyemjibu vibaya kwenye mkutano.

Na msifanye upumbavu. Mtu asiende kujipinda nyumbani kwake leo mchana kwa sababu Mama Riziki amesema. Mwenye tansio, damu inayopanda, mwenye mimba, mwenye shingo mbovu, upinde si wake. Hata mimi ungeniumiza kama ningeanzia hapo. Nenda hospitali kwanza. Kubali kuanza na kikwembe kilichokunjwa.

Mama Feza. Naomba nikuite mbele za watu, kama ulivyotaka. Ninyi wote sikieni: mama huyu hafichi kitu. Bega lake liliumia kwa kuinua basini langu. Likachelewa kutibiwa kwa sababu ya mdomo wangu. Mtu akinong'ona tena, aje kwangu, anikute. Mama yangu, ile karatasi itoe chini ya godoro. Kesho asubuhi Mama Zuhura anatungojea, nimekwisha kumwambia. Siwezi kukuahidi siku tatu. Pengine itakuwa miezi minane, pengine zaidi. Kila asubuhi nitakuwa pale, na mpaka siku utakapojitwika, basini lako njo kazi ya mikono yangu.

Sasa, ndugu zangu, tumshukuru Bwana. Nitainua mikono. Msiiangalie kama muujiza wa siku tatu, iangalieni kama ilivyo. Mwenye mkono usiopanda, asione haya, ainue ule unaopanda, Mungu anauona. Inua wa kushoto, Mama Feza. Huu wa kuume, ngoja, nakuja hapo benchini, nitakushikia.